Nyumba za Michezo za Zamani na Namna ya Kuzitengeneza: Khabari za Mji Mkongwe wa Unguja



Mlitutaka tuje kunena mbele yenu jioni hii juu ya majumba ya zamani, khasa yale ambayo watu hukutana humo kwa ngoma, taarabu, michezo na senema, na namna yawezavyo kutengenezwa pasipo kuharibiwa. Barua ya Katibu ilipofika tuliulizana, Je, jambo hili lawahusu nini makarani? Sisi si waashi, wala hatukusomea kazi ya kuchora ramani za majumba. Lakini tulipofikiri zaidi tuliona ya kuwa jumba la zamani haliangushwi na mvua peke yake. Aghalabu huanza kuanguka mezani, ndani ya jalada, pale makadirio yaandikwapo na zabuni zifunguliwapo. Na meza hiyo ni yetu. Kwa hiyo tumeitika, na tutanena kwa kadiri ya tuyajuayo.

Tumechagua khabari za Mji Mkongwe wa Unguja, ijapokuwa wengi wenu mmetoka bara na huenda mwadhani ya kuwa Unguja ni mahali pa karafuu na watalii tu. Sababu yetu ni hii: katika mji huo ziko nyumba mbili za michezo zisizofanana hata kidogo. Moja ni ngome ya vita iliyogeuzwa uwanja wa nyimbo. Ya pili ni senema iliyojengwa, ikaungua, ikajengwa tena, kisha ikaachwa. Mtu akizitazama mbili hizi pamoja ataona kwamba neno hili la kufuata jadi ya mahali si jepesi kama linavyotamkwa mikutanoni.

Tuanze na Ngome Kongwe. Iko Forodhani, yatazama bahari. Wareno walikuwa na kanisa mahali pale; na Waarabu wa Oman, walipokwisha kuitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka wa 1698 na kuwaondoa Wareno katika pwani hii, walijenga ngome juu ya mabaki yale ili kuulinda mji. Tangu siku hizo kazi zake zimekuwa nyingi. Walikaa humo askari, kisha wakafungwa humo watu, na mwanzo wa karne ya 20 ikawa bohari ya vifaa vya reli. Mwaka wa 1949 ilitengenezwa, na ua wake ukawa mahali pa mabibi kuchezea tenis, jambo ambalo waliokuwa wakilinda zamu kwa bunduki wangalilistaajabia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 haikuwa na kazi kubwa. Ndipo katika miaka ya 1990 palipojengwa ndani ya ua ngazi za kukalia zilizopinda kama nusu ya duara, pamoja na jukwaa. Toka hapo Tamasha la Filamu la Zanzibar limefanyika humo, na tangu mwaka wa 2004 tamasha la muziki la Sauti za Busara pia. Marehemu Bi. Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, aliimba mbele ya kuta zile akiwa bibi kizee, na waliomsikia wasema sauti yake haikuhitaji dari ya kuirudisha.

Jambo la kuangalia ni kwamba walioigeuza ngome hawakujaribu kuipa paa. Paa lake ni mbingu. Mvua ikinyesha, mchezo husimama na watu hukimbilia chini ya matao. Wako waonao kuwa ni kasoro. Sisi twaona kwamba hapo, pengine bila kukusudia, walikaribia desturi ya pwani kuliko kama wangaliweka nakshi mia. Na sababu yake yataka maelezo kidogo.

Nyumba ya mawe ya pwani hupimwa kwa boriti. Boriti ni mti wa mikoko, umekatwa ghubani na kuletwa kwa jahazi au mashua. Ni mti mgumu, mchwa humwogopa, lakini urefu wake una mwisho. Juu yake hupangwa mawe na kumwagwa zege la chokaa, mzigo mkubwa sana, na boriti haiwezi kuubeba pale kuta mbili zinapoachana kwa zaidi ya mita tatu hivi. Basi chumba cha nyumba ya mawe, iwe ya Mwarabu wa Unguja au ya Mswahili wa Lamu, chaweza kuwa kirefu kama mwenyewe apendavyo, lakini upana wake ni upana wa boriti. Ndiyo sababu vyumba vyote vya mji ule vimekuwa vyembamba, na mtu akiingia nyumba kumi atadhani zimejengwa na fundi mmoja.

Sasa jiulizeni, katika nyumba ya namna hiyo watu mia nne wataketi wapi? Hawawezi. Kwa hiyo pwani haikuwa na ukumbi mpana. Ngoma zilichezwa viwanjani na njiani. Maulidi yalisomwa uani. Na taarabu iliimbwa katika chumba kirefu, wageni wameketi safu mbili kando ya kuta, na wasiopata nafasi wakisikiliza barazani na chini ya madirisha. Siti binti Saad, ambaye mwaka wa 1928 alivuka bahari hata Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri, alijulikana kwanza kwa kuimba majumbani kwa namna hiyo. Baraza ilikuwa viti vya watu wote, wala haikuuzwa tikiti. Ukumbi mpana ulikuja pamoja na chuma na mabati, maana chuma ndicho kilichoweza kuvuka mahali ambapo boriti ilishindwa.

Hapo twafika kwenye nyumba ya pili, nayo iko Vuga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 palijengwa hapo nyumba ya michezo na senema iliyoitwa Royal. Aliyeichora ni John Houston Sinclair, Mwingereza, mtumishi wa serikali kama sisi, ambaye baadaye alipanda cheo hata akawa Balozi Mkaaji wa Uingereza Unguja tangu 1922 hata 1924. Huyu bwana alipenda sana kuba na matao ya nchi za Kiarabu, akayachanganya na mipango ya Kiingereza. Mahakama Kuu iliyomalizika mwaka wa 1908 ni kazi yake, na Beit al-Amani, nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka wa 1925, ni kazi yake pia. Wageni wengi huzitazama nyumba hizo wakasema, "Huu ndio ujenzi wa Unguja." Mwenyeji wa Unguja wa mwaka wa 1850 angalizitazama akauliza ni za nchi gani.

Royal iliungua mwaka wa 1954. Mwaka uliofuata palisimama mahali pake nyumba mpya, nayo ikaitwa Majestic. Aliyeichora hakuwa Mwingereza, alikuwa Dayalji Pitamber Sachania, naye hakutaka kuba wala matao. Alijenga kwa mtindo wa siku zake uitwao Ati Deko, wenye kuta nyeupe zilizonyoka na mistari iliyosimama, mtindo ambao senema za dunia nzima, kutoka Bombay hata Marekani, zilikuwa zimeuvaa kama sare. Watu wa Unguja waliupenda. Humo walitazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani; humo watu walikwenda na nguo mpya siku za Idi. Tena ilikuwako desturi katika miji ya pwani ya kufanya maonyesho ya wanawake peke yao, nao wakaja kwa wingi na mabuibui yao, mama, binti, shangazi na majirani, wakalia na kucheka pasipo macho ya wanaume. Khabari hii tumeitaja kwa kusudi, na tutairudia.

Kisha zikaja televisheni na mikanda ya video, senema zikafungwa moja moja, na Majestic ikabaki kuwa gofu. Paa la ukumbi likaanguka. Katika miaka ya karibuni shirika la Hifadhi Zanzibar, pamoja na marafiki zake, limeshika kazi ya kutaka kuifufua iwe tena nyumba ya senema, muziki na michezo ya kuigiza. Fedha ya kazi hiyo si ndogo, na mji wote uko chini ya macho ya ulimwengu, maana tangu mwaka wa 2000 Mji Mkongwe umeandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi swali limesimama mbele ya watu: itengenezwe kwa kufuata jadi ipi?

Tumesikia rai tatu, na zote zina watu wenye akili nyuma yake.

Wa kwanza husema irudishwe kama Sinclair alivyoichora, kwa kuwa ile ndiyo ya asili. Hatukubaliani nao. Royal imekwisha kuungua, na mtu akijenga leo nyumba mpya akaiita ya 1921 atakuwa ameandika tarehe ya uongo katika hati. Na kila karani ajua jina la kosa hilo. Tena waliowahi kukata tikiti wakaketi ndani, na walio hai hata leo, waliketi katika nyumba ya 1955. Kumbukumbu yao ina haki.

Wa pili husema ibandikwe mlango mkubwa wa kuchonga wenye njumu za shaba, na vidirisha vya Kiarabu mbele, na roshani mbili za mbao, ili mtalii ashukapo garini ajue kwamba yuko Unguja. Hili nalo lina hatari kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu ni rahisi na linapendeza kwa picha. Mlango wa kuchonga wa Unguja si pambo la ukuta. Ulikuwa barua ya mwenye nyumba: ulisema mali yake, dini yake, na pengine jina lake na mwaka aliojenga. Ukiuondoa katika nyumba yake ukaupachika katika senema, umeuondolea maneno yake ukabakiza mbao. Isitoshe, milango mingapi ya pwani imekwisha kung'olewa na kuuzwa ng'ambo? Anayetafuta mlango wa zamani kwa ajili ya nyumba mpya, ajue kwamba mahali fulani nyumba ya zamani imebaki na shimo.

Wa tatu husema nyumba ya 1955 si ya jadi hata kidogo, ni ya kigeni tupu, basi ivunjwe na kiwanja kitumiwe kwa jambo lenye faida. Hawa twawajibu hivi: mji wa bandari hauna jadi iliyofungwa sandukuni. Boriti zilitoka katika mikoko ya pwani hii, matao yalitoka Arabuni, roshani zilitoka Bara Hindi, mabati yalitoka Uingereza. Fundi wa Unguja alivipokea vyote akavilazimisha kukaa pamoja na jua, chumvi na masika. Huko kulazimisha ndiko jadi yenyewe. Sachania alifanya hivyo hivyo mwaka wa 1955.

Ikiwa ndivyo, basi heshima kwa jadi ya mahali haitafutwi usoni mwa nyumba. Itafutwe katika mambo yasiyopigwa picha: kivuli, hewa, mahali pa kukaa na kungoja, na kitu ambacho ukuta umejengwa nacho. Tuchukue hili la mwisho, maana ndilo lenye maneno mengi na ndilo litugusalo sisi.

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na mwamba wa pwani, yameshikwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Unene wake yapata nusu mita au zaidi. Chokaa ni matumbawe yale yale yaliyochomwa: magogo hupangwa duara, mawe yakawekwa juu, moto ukawashwa, na baada yake mawe meupe humwagiwa maji yakachemka na kuvunjika yakawa unga. Mafundi wazuri hawaitumii mara moja. Huiacha shimoni ikae na maji wiki nyingi, hata miezi, ipate kulainika. Ikipakwa ukutani hukauka polepole, ikivuta kutoka hewani ile hewa ya makaa iliyotolewa na moto, mpaka inageuka tena kuwa jiwe. Na ukuta uliojengwa hivyo hupumua. Maji huingia wakati wa mvua, na jua likitoka huondoka kwa njia ile ile.

Saruji haifanyi hivyo. Ni ngumu kuliko ukuta ambao inaufunika, na haipitishi unyevu. Fundi akipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe, mwaka wa kwanza watu husifu, maana umenyoka na hauna ufa. Lakini maji yanayopanda kutoka chini na yale yashukayo kutoka paa lililovuja hukosa mlango wa kutokea. Hubaki ndani, yakaozesha vichwa vya boriti palipozikwa ukutani. Na chumvi ya bahari hukusanyika nyuma ya lipu, ikaganda, ikavimba, mpaka siku moja bamba zima la lipu hudondoka pamoja na uso wa jiwe. Kisha watu husema, "Nyumba hizi za zamani ni dhaifu." Nyumba haikuwa dhaifu. Iliyoshindwa ni dawa.

Tumewahi kuona jengo moja, jina lake hatulitaji, lililotengenezwa kwa namna hiyo mara mbili katika muda mfupi. Kila mara jalada lilifungwa kwa maneno "Kazi imekamilika ipasavyo." Na kwa kweli kila karatasi ilikuwa mahali pake.

Sasa tuseme wazi jinsi jambo hili linavyotokea, kwa maana hapana mtu anayekusudia kuua nyumba. Mwaka wa Serikali humalizika tarehe 30 Juni. Fedha ya matengenezo mara nyingi hutoka kwa kuchelewa, ikafika mezani miezi michache kabla ya kufunga hesabu, na isipotumika yarudi Hazina. Miezi hiyo, kuanzia Machi hata Mei, ndiyo masika. Chokaa yataka kununuliwa mapema, kulazwa shimoni, kupakwa kwa tabaka nyembamba, na kukaushwa pasipo mvua kubwa. Saruji yaja kwa lori asubuhi, na jioni ukuta umekwisha. Mkandarasi mwenye bei ya chini ametia saruji katika hesabu yake. Na katika makadirio, aliyenakili fomu ya mwaka jana ameacha maneno yale mafupi: "chokaa, au kitu kingine kinachofaa." Mabwana wenzetu, maneno hayo matatu ya mwisho yamevunja lipu nyingi kuliko mvua.

Karani hawezi kubadili sheria ya fedha, lakini yako awezayo. Aweza kumkumbusha mkubwa wake kwamba kununua chokaa na kuilaza ni kazi inayoweza kulipwa mwaka huu, na kuipaka ni kazi ya mwaka ujao baada ya masika. Mikataba miwili, wala hapana kanuni iliyovunjwa. Aweza kuyafuta maneno "kitu kingine kinachofaa" kabla hati haijapigwa chapa. Aweza kuuliza, zabuni ziletwapo, ni wapi mkandarasi huyu amewahi kufanya kazi ya chokaa, na fundi wake ni nani. Na aweza kuhakikisha kwamba kifungu kidogo cha kusafisha mifereji ya paa kabla ya masika na kabla ya vuli hakikatwi kila bajeti ibanwapo. Kifungu hicho ndicho cha kwanza kukatwa kwa kuwa hakina mtu wa kukitetea. Hapana waziri aendaye kufungua mfereji uliosafishwa.

Kama mtu aona twazidisha, atazame Beit al-Ajaib, iliyo jirani na Ngome Kongwe. Sultani Barghash aliijenga mwaka wa 1883. Ilikuwa nyumba ndefu kuliko zote za mji. Ilisalimika mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyovunja majumba yaliyokuwa karibu nayo. Ikaja kuwa nyumba ya makumbusho, ikachakaa, ikafungwa ili itengenezwe. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya matengenezo ikiendelea, sehemu kubwa yake ilianguka, na watu wawili wakafa. Watu hao walikwenda kazini asubuhi kama sisi sote twendavyo. Nyumba iliyoshinda mizinga haikushinda miaka mingi ya kuchakaa.

Turudi ukumbini. Mapenzi ya mambo ya kale yasitupofushe tukasahau kwamba nyumba ya michezo ni mahali ambapo watu wengi wamefungiwa gizani kwa saa mbili. Royal iliungua. Kwa hiyo tukisikia mtu ataka paa la makuti juu ya watu mia nne na nyaya za umeme, ati kwa sababu makuti ni ya kienyeji, jibu letu ni la. Paa la Majestic litavuka nafasi pana ambayo boriti haiivuki, basi na liwe la chuma au la mbao zilizounganishwa kwa ufundi wa leo, na lisijifanye la zamani. Milango ya kutokea iwe mingi na ifunguke kwa nje. Pawe na njia isiyo na ngazi kwa wenye magari ya walemavu na kwa wazee. Vyoo viwe vya kutosha, khasa upande wa wanawake, jambo ambalo wachoraji wa zamani walilisahau na wa sasa nao hulisahau. Paa likiwa la bati tupu, mvua ikinyesha hapana atakayesikia udi wala ganuni. Basi liwekewe dari ya kuzuia kelele. Mashine za kupoza hewa zina faida yake, lakini nyumba ikizibwa yote kwa ajili yake, siku umeme ukatikapo ukumbi huwa tanuru. Matundu ya juu ya kutolea hewa ya moto yabaki, na yafanye kazi.

Na hapa ndipo tulipotaka kurudia wanawake wa maonyesho yale. Nyumba iliyowapa siku yao na njia yao ya kuingilia ilifuata desturi ya mahali kwa kitendo, ingawa usoni haikuwa na tao hata moja. Mchoraji wa leo aulize watu wa mtaa, wanaume kwa wanawake, watatumiaje nyumba: wataingilia wapi, watangoja wapi, watoto watakaa na nani, mwenye kuuza kahawa na kashata ataweka wapi meza yake. Sisi tungependa kuona mbele ya Majestic baraza ya mawe, ndefu, yenye kivuli, ambayo mtu aketi bila ya kununua tikiti. Gharama yake ni ndogo kuliko mlango mmoja wa kuchonga.

Miji mingine ya Afrika ya Mashariki ina maswali kama haya. Nairobi, nyumba ya michezo ya taifa iliyofunguliwa mwaka wa 1952 ilitengenezwa ikafunguliwa upya mwaka wa 2015. Kampala, ile ya mwaka wa 1959 ina uso wa zege uliotobolewa matundu mengi ya kupitisha hewa na kuzuia jua, kazi ya kisasa inayofanana kwa akili na madirisha ya kimiani ya pwani. Na palipozuka maneno ya kutaka kuibomoa, wasanii walisimama kuipinga. Twayataja haya kwa haraka, maana kila mji ungefaa kuwa na hotuba yake.

Limesalia jambo moja la mafundi. Zamani sakafu ya dari ilipomwagwa, zege la chokaa lilipigiliwa kwa vipande vya mti siku kadhaa mpaka likawa gumu lisilopitisha maji. Waliopigilia, na wengi wao walikuwa wanawake, walipanga safu, wakapiga kwa pamoja huku wakiimba na ngoma ikilia, ili mkono usichoke na pigo lisipotee. Wageni waliofika Unguja karne ya 19 waliyaandika hayo kwa mshangao. Wengi katika safu hizo walikuwa watumwa, na nyimbo zao hazikuwa za furaha tupu, tusizipambe. Lakini yafaa kujua kwamba katika mji ule nyumba yenyewe ilijengwa kwa wimbo kabla ya kupokea wimbo. Waliojua kuchoma chokaa, kuilaza na kuipigilia wamekuwa wachache. Kazi za kutengeneza majumba makubwa, kama lile la Zahanati Kongwe lililotengenezwa katika miaka ya 1990, ziliwapa vijana nafasi ya kujifunza kwa mikono kando ya wazee. Lakini kazi ikimalizika na nyingine isifuate, kijana huyo huenda kumimina zege la saruji mahali pengine, maana ana watoto wa kulisha, na elimu aliyoipata hupotea pamoja naye. Majestic ikijengwa kwa mkataba mmoja mkubwa wa haraka, itafunguliwa kwa sherehe na haitaacha fundi hata mmoja. Ikijengwa kwa mafungu, kuta kwanza, kisha paa, kisha ndani, kila fungu na wanafunzi wake walioandikwa katika mkataba kwa idadi na kwa mshahara, itachukua miaka zaidi, nao watakaoitunza watakuwa wamezaliwa humo.

Mwisho, tuna ombi kwa wanachama. Wachoraji wanaotaka kulirudisha jumba la 1955 wahitaji kujua ndani yake palikuwaje: rangi ya kuta, safu za viti, pazia, taa, mahali pa kuuzia tikiti. Ramani huonyesha vipimo tu. Mwanachama yeyote mwenye picha ya zamani, iwe ya arusi au ya Idi, iliyopigwa mbele au ndani ya senema yoyote ya pwani, au aliyehifadhi kipande cha tikiti au tangazo la filamu, tafadhali akilete kwa Katibu pamoja na maelezo ya mwaka na mahali. Kitanakiliwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Na wenye wazazi waliokuwa wakienda maonyesho ya wanawake, wawaulize waliingia kwa mlango gani na waliketi wapi, wakaandike majibu hata kama ni mistari mitatu. Kipindi cha maswali kimefunguliwa, Bwana Mwenyekiti.